Rekodi za umma Lamu zisitegemee seva moja

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze wasomaji, hasa wakazi wenzangu wa Kaunti ya Lamu na wawakilishi wetu katika Bunge la Kaunti, jambo ambalo naona hupitwa kila panapozungumzwa kuhamisha rekodi za hospitali, za ardhi na za ushuru kutoka kwenye mafaili ya karatasi hadi kwenye kompyuta. Tunauliza mfumo utagharimu kiasi gani, utanunuliwa kwa nani na utaanza kazi lini. Hatuulizi seva (kompyuta inayozihudumia nyingine) yenye hifadhidata, yaani mkusanyiko wa rekodi hizo, ikizimika saa nne asubuhi, ni mashine ipi itakayoshika kazi yake, iko wapi, na itachukua dakika ngapi kuishika. Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta na shughuli yangu ya kila siku ni hifadhidata. Kwa maoni yangu swali hilo lapaswa kuulizwa mwanzo kabisa, kabla hata ya bei.

Kwa mtu anayeishi karibu na ofisi, kuambiwa kwamba mfumo umekwama na arudi kesho ni usumbufu unaosahaulika. Kwa mama aliyetoka Kizingitini au Kiwayu na mtoto mgonjwa, aliyepanga safari kwa kuangalia maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, akalipa nauli ya boti, na ambaye hatapata chombo cha kumrudisha hadi siku ya pili, kauli hiyo ina maana ya kulala ugenini na kulipa tena. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, huenda hiyo siku ya pili yenyewe isisafirike. Wala daktari aliyeketi mbele yake hana pa kusoma ni dawa gani alizopewa mtoto huyo mwezi uliopita, au kama ipo dawa inayomdhuru, kwa sababu kadi ya karatasi ilikwisha kuondolewa na jibu limo ndani ya mashine isiyowaka. Katika kaunti ya visiwa kama yetu, kupatikana kwa hifadhidata wakati wote ni sehemu ya tiba yenyewe, na si jambo la kuachiwa mwenye kandarasi aliamue apendavyo.

Sababu za kuzimika nazo si ngeni kwetu. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na ikapotea tena kwa namna hiyo mwezi wa Novemba na wa Desemba mwaka huohuo. Mvua za mwisho wa mwaka huo ziliufurisha Mto Tana, barabara ya kutoka Garsen kuja Lamu ikafunikwa na maji maeneo ya Gamba, na katika siku kama hizo fundi au kipuri kinachotoka Mombasa hakifiki kwa gari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na mawasiliano yakazorota Afrika Mashariki yote. Juu ya hayo ipo hewa yetu ya chumvi, ambayo hula bodi za kompyuta polepole mpaka siku moja mashine ikatae kuwaka bila ya dalili yoyote iliyotangulia. Anayepanga mfumo wa Lamu kana kwamba haya hayatokei hajaupanga kwa ajili ya Lamu.

Katika hati za zabuni mara nyingi huandikwa kuwa mfumo utapatikana kwa asilimia 99 ya muda, na msomaji wa haraka huona hiyo ni ahadi kubwa. Asilimia 1 iliyobaki ni siku 3 na zaidi ya saa 15 katika mwaka. Asilimia 99.9 inaruhusu karibu saa 9 za kuzimika kwa mwaka, na asilimia 99.99 inaruhusu takriban dakika 53 tu. Ikiwa mashine ni moja na kipuri chake kinahitaji siku nne kufika kisiwani, basi hata ile ahadi ya chini kabisa imevunjika kwa tukio moja. Hakuna ufundi wa kutengeneza haraka unaoweza kuziba pengo hilo. Linazibwa tu kwa kuwa na mashine nyingine ambayo tayari inayo data yote na iko macho.

Hapo ndipo unapoingia urudufishaji. Katika hifadhidata yoyote ya maana, kila badiliko, liwe ni kusajili mgonjwa, kulipa ada ya soko au kubadilisha jina la mmiliki wa shamba, huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, mstari kwa mstari na kwa mpangilio wa wakati, kabla ya karani kuambiwa kuwa limehifadhiwa. Urudufishaji ni kuipeleka kumbukumbu hiyo, mara tu inapoandikwa, hadi kwenye mashine ya pili, nayo ikayatekeleza mabadiliko yaleyale kwa mpangilio uleule, hata data iliyomo ikawa sawa na ya mashine ya kwanza. Ya kwanza tuiite seva kuu, na ya pili seva msaidizi. Uakisi ni aina mojawapo ya kazi hiyo, ambapo seva msaidizi hushikilia sura kamili ya hifadhidata nzima na kukaa tayari kupandishwa iwe kuu wakati wowote. Microsoft iliutia uakisi wa namna hii katika programu yake ya hifadhidata, SQL Server, ya mwaka 2005, ukiwa na mashine ya tatu iitwayo shahidi, ya kusaidia kuamua ni ipi iwe kuu, na kuanzia toleo la 2012 ikawaelekeza wateja wake kwenye mpango mpya unaoruhusu wasaidizi zaidi ya mmoja. PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, imekuwa na urudufishaji wa moja kwa moja tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010, na MySQL, programu ya namna hiyohiyo, ilikuwa na urudufishaji hata kabla ya hapo. Naitaja miaka hiyo kwa kusudi: asije mtu kuwaambia wawakilishi wetu kwamba haya ni mambo mapya yasiyojaribiwa, au kwamba ni ya benki kubwa peke yake. Hizo mbili za mwisho zaweza kutumika hata bila ya kununua leseni.

Kuna jambo moja linalowachanganya wanunuzi, na wauzaji wengine hawana haraka ya kulifafanua. Seva nyingi huja na diski mbili zinazoandikwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, mpango uitwao RAID, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliuandikia makala mwaka 1988. Ni mpango mzuri, na hakuna seva inayofaa kuwekwa bila huo. Lakini diski hizo mbili zimo ndani ya kasha moja, zinakula umeme mmoja na zimewekwa chumba kimoja, kwa hiyo humlinda mtu dhidi ya diski moja kufa na si zaidi ya hapo. Paa likivuja, au moto ukashika, au bodi mama ikaungua, zote mbili zinakwenda pamoja. Mkataba ukisema tu kwamba data itaakisiwa, mwenye kuusoma aulize itaakisiwa wapi.

Mfano wa kuogofya zaidi ni wa majuzi tu. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, katika mji wa Daejeon, wakati betri za lithiamu zilipokuwa zikihamishwa. Mifumo 709 ya serikali ilizimika kwa pamoja, ikiwemo ya posta na ya vitambulisho, na mingi kati yake ilikaa wiki kadhaa kabla ya kurudi. Ghala la mafaili la watumishi wa umma, lenye terabaiti 858, liliteketea lote, na haikupatikana nakala yake popote nje ya jengo hilo, kwa maelezo kwamba ukubwa wake ulifanya iwe vigumu kulinakili. Nchi hiyo ni miongoni mwa zilizotangulia duniani katika mambo ya intaneti. Haikukosa wataalamu wala fedha. Kilichokosekana ni uamuzi, uliopaswa kufanywa miaka mingi nyuma, kwamba mfumo wa serikali usiwe na kituo kimoja tu cha kuutegemea.

Nasi wa Lamu tunayo historia yetu ya kutosha kutuelekeza. Wasomi wanaeleza kwamba tarekhe ya Pate, yaani maandishi ya historia ya mji huo, ambayo ndiyo chimbuko la mengi tunayoyajua kuhusu masultani wa Kinabahani, ilikuwa na nakala ya asili iliyopotea mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji wa Witu. Matini tulizo nazo leo zimetokana kwa sehemu kubwa na masimulizi ya mzee mmoja, Muhammad bin Fumo Omar, aliyefahamika kwa jina la Bwana Kitini, na matini hizo hazikubaliani zote katika majina na miaka. Na haya yalitokea katika nchi ambayo Siyu, mwendo mfupi tu kutoka Pate, ilisifika kwa wanakili wa misahafu. Mikono ya kunakili ilikuwapo. Lakini nakala kamili ya pili, iliyowekwa mahali pengine, hatukuachiwa. Hivyo ndivyo inavyokuwa hifadhidata inapopotea: watu huanza kuikusanya upya kwa kumbukumbu za vichwani na vipande vya risiti, na kila kipande husema lake.

Sasa, nakala hiyo ya pili iwe umbali gani, na iandikwe kwa namna gani? Hapa ndipo penye uamuzi halisi, nami ningependa kukaa hapa kidogo kwa sababu ndipo makosa ya gharama kubwa hufanywa.

Zipo namna mbili. Katika ya kwanza, seva kuu haimwambii karani kuwa rekodi imehifadhiwa mpaka seva msaidizi ithibitishe kuwa nayo imekwisha kuiandika. Faida yake ni kwamba rekodi iliyothibitishwa haipotei hata seva kuu ikiungua dakika hiyohiyo. Hasara zake ni mbili: kila rekodi inangoja safari ya kwenda na kurudi, na mawasiliano yakikatika seva kuu nayo husimama ikingoja jibu lisilokuja. Katika namna ya pili, seva kuu huthibitisha mara moja na kumpelekea msaidizi baadaye kidogo, pengine nusu sekunde, pengine dakika nzima mtandao ukiwa mzito. Kazi haisimami, lakini seva kuu ikifa ghafla, rekodi zilizokuwa bado njiani zimepotea.

Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo waya wenye urefu wa kilomita 500 huongeza milisekunde 5 hivi kwa safari ya kwenda na kurudi, mbali na ucheleweshaji wa vifaa vya njiani. Milisekunde 5 si tatizo kwa karani wa hospitali. Tatizo ni kukatika. Mtu akituuzia mfumo ambao seva kuu iko Lamu na msaidizi pekee yuko Nairobi, kisha akaupanga kwa ile namna ya kwanza, ametuwekea hospitali itakayosimama kila mara njia ndefu ya mawasiliano inapokatika popote kati ya hapa na huko. Akiupanga kwa namna ya pili peke yake, ametuwekea hospitali ambayo siku ya ajali itapoteza rekodi za wagonjwa wa mwisho kuonwa, na hao wa mwisho ndio ambao hali zao bado zinafuatiliwa.

Pendekezo langu ni kuwa na mashine tatu. Seva kuu iwe kisiwani Lamu. Msaidizi wa kwanza awe bara, upande wa Mokowe, ng'ambo ya mkondo, akiunganishwa kwa mawasiliano ya redio au faiba, kwa sababu umbali huo wa kilomita chache haumcheleweshi karani hata kidogo, ilhali ni jengo jingine na udongo mwingine. Na pande zote mbili ziwe na betri na sola zake, maana umeme wa gridi ukikatika huenda ukakatika kote kuwili. Msaidizi wa pili awe katika kituo cha data Mombasa au Nairobi. PostgreSQL, tangu toleo la 10 la mwaka 2017, inaruhusu seva kuu kuridhika na uthibitisho wa msaidizi yeyote mmoja kati ya kadhaa, kwa hiyo siku za kawaida Mokowe ndiyo itakayojibu kwanza, na kiungo cha Mokowe kikikatika jibu litatoka mbali kwa kuchelewa kidogo bila ya kazi kusimama. Seva kuu ikifa, apandishwe yule msaidizi ambaye kumbukumbu yake ya mabadiliko imefika mbele zaidi. Vituo vya Faza na kwingineko visiwani, ambavyo mtandao wao ni dhaifu zaidi, vinahitaji programu inayoweza kuandika rekodi palepale na kuzituma mawasiliano yanaporudi. Hilo ni somo jingine, lakini lisisahauliwe katika zabuni.

Kwa nini tatu na si mbili? Kwa sababu mashine mbili zikipoteza mawasiliano, kila moja haina njia ya kujua kama mwenzake amekufa au kama ni njia tu iliyokatika. Msaidizi akiamua kujipandisha ilhali seva kuu bado i hai, tunakuwa na seva kuu mbili, kila moja ikipokea maandishi ambayo nyingine haiyajui, na baadaye mgonjwa mmoja ana mafaili mawili yasiyopatana. Dawa yake ni akidi: hakuna mashine inayoruhusiwa kuwa kuu isipoungwa mkono na wengi, yaani mbili kati ya tatu, na mashine inayojiona iko peke yake inapaswa kuacha kupokea maandishi mapya hata kama ni nzima. Wasomi wa kompyuta wamekwisha kuthibitisha kwa hesabu kwamba mtandao unapogawanyika hakuna ujanja wa kuwa na vyote viwili, majibu yaliyo sawa kila upande na huduma isiyokatika kila upande. Dhana hiyo aliitoa Eric Brewer mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha mwaka 2002. Lazima kuchagua, na katika rekodi za wagonjwa na za ardhi mimi nachagua usahihi. Afadhali karani aandike kwenye karatasi kwa robo saa kuliko hati mbili za shamba moja.

Asiyesadiki uzito wa jambo hili aitazame GitHub, kampuni inayohifadhi kazi za watunzi wa programu ulimwenguni. Tarehe 21 Oktoba 2018 mawasiliano kati ya kituo chake kikuu cha data na kitovu cha mtandao wake, pwani ya mashariki ya Marekani, yalikatika kwa sekunde 43. Katika sekunde hizo programu inayosimamia seva zake za MySQL ilianza kuhamisha ukuu hadi pwani ya magharibi. Mawasiliano yaliporudi ikabainika kuwa seva za mashariki zina maandishi ambayo hayakuwahi kufika magharibi, na zile za magharibi zimekwisha kupokea maandishi mapya yasiyokuwapo mashariki. Wahusika waliamua kutanguliza usalama wa data mbele ya haraka, uamuzi ambao naona ulikuwa sahihi, na huduma haikukaa sawa mpaka zikapita saa 24 na dakika 11. Kutokana na tukio hilo nashauri kwamba uhamaji wa ukuu unaojiendesha wenyewe, usiosubiri amri ya mtu, uruhusiwe baina ya Lamu na Mokowe tu. Mashine ya mbali ipige kura katika akidi na itunze nakala, lakini isipandishwe kuwa kuu ila kwa amri ya mtu mwenye dhamana aliyekwisha kuhakikisha kilichotokea.

Nimesema mengi ya kuusifu urudufishaji, kwa hiyo ni wajibu wangu niseme pia usichokiweza. Msaidizi hutii. Karani akifuta orodha nzima kimakosa, msaidizi naye huifuta kabla ya karani kuondoa mkono kwenye kibodi. Mhalifu akiingia ndani ya hifadhidata na kuzifunga data zote ili alipwe fidia, mabadiliko yake nayo hurudufishwa kwa uaminifu uleule. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo nayo huhifadhi kazi za watunzi wa programu, ilikuwa ikihangaika na msaidizi aliyebaki nyuma, na katika kumpanga upya, fundi akafuta data akidhani yuko kwenye mashine ya msaidizi, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alikatiza amri mara tu alipotambua, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Walipozigeukia nakala za akiba, wakakuta kazi ya kuzitengeneza ilikuwa ikishindwa siku nyingi bila ya mtu kujua, kwa kuwa barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliitengeneza kwa mkono saa 6 kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Kila kilichoandikwa katika hifadhidata baada ya nakala hiyo kilipotea. Kampuni hiyo iliyaeleza yote hadharani, jambo ambalo taasisi chache hulifanya, na wanataaluma wenzangu tunawashukuru.

Kwa hiyo nakala za akiba ni jambo la pili, tofauti na urudufishaji, na la lazima vilevile. Zitengenezwe kila siku, ziwekwe mahali ambapo nywila za seva kuu hazifiki, na zifunguliwe kila mwezi kwenye mashine tupu ili ijulikane kama kweli zinarudi. Inawezekana pia kumwagiza msaidizi mmoja achelewe kwa makusudi, tuseme saa moja, ili kosa linapogunduliwa mapema pawe na mahali ambapo halijafika. MySQL ina uwezo huo tangu toleo la 5.6 la mwaka 2013.

Najua swali la gharama litakuja. Programu zenyewe, kama nilivyosema, zipo zisizolipiwa. Kinacholipiwa ni mashine mbili zaidi, kiungo cha kuvuka mkondo, nafasi katika kituo cha data, na, juu ya yote, watu. Kaunti iajiri angalau watu wawili wanaoijua kazi hii, wakae hapa, na wasomeshwe mpaka waweze kuhamisha ukuu usiku wa manane bila ya kumpigia simu mwenye kandarasi. Vijana wetu wanaomaliza vyuo wakiwa na shahada za kompyuta na kuishia kuhama kaunti kutafuta kazi wapo, nami nimefanya kazi na baadhi yao, uwezo wanao. Mfumo ulio na seva tatu na usio na mtu wa kuusimamia utaharibika kimyakimya, msaidizi atabaki nyuma mwezi mzima, na siku ya haja atapatikana na data ya zamani.

Lipo pia suala la siri za watu. Kila nakala ya rekodi za wagonjwa ni mahali pengine ambapo siri hizo zaweza kuibiwa, kwa hiyo seva ya Mokowe inastahili ulinzi uleule wa ile ya Lamu, na data inayovuka mkondo isimbwe kwa njia fiche safari nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihusu nakala zote, si ile ya kwanza tu, na Kanuni zake za mwaka 2021 zinataka data za shughuli nyeti za umma, za afya zikiwemo, zichakatwe katika kituo kilichoko Kenya, au angalau nakala moja inayotumika iwe humu nchini. Mwenye kutuuzia huduma za ughaibuni peke yake kwa bei nafuu aonyeshwe kanuni hiyo.

Hatimaye naomba jambo ambalo halihitaji fedha nyingi bali utayari. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti si baada ya tarehe 30 Aprili, baada ya vikao vya kushirikisha umma. Katika vikao hivyo wakazi wadai kwamba malipo ya mwisho ya mfumo wowote wa kompyuta yasitolewe mpaka mwenye kandarasi aizime seva kuu kwa kukata umeme wake, asubuhi ya Jumapili hospitali ikiwa na watu wachache, mbele ya wawakilishi wadi na wafanyakazi wa hospitali, na msaidizi ashike kazi kwa muda ulioandikwa katika mkataba, bila ya rekodi iliyothibitishwa kukosekana. Jaribio hilo lirudiwe kila miezi mitatu. Wakazi wa Malindi nao, ambao ni jirani zetu na ambao wengi wetu huenda kutibiwa kwao, wanaweza kuiomba kaunti yao ya Kilifi ifanye vivyo hivyo, kwani rekodi ya mgonjwa wa Lamu aliyelazwa Malindi inategemea pande zote mbili kuwa hai.

Idara zinazohusika nazo naziomba zijibu kupitia ukurasa huu, mfumo kwa mfumo, zikieleza nakala ya pili ya data iko katika jengo lipi, ni nani aliyeajiriwa kuisimamia, na ni tarehe gani ya mwisho seva kuu ilipozimwa kwa makusudi ikaonekana msaidizi ameshika kazi.

Wako mwaminifu,
Fundi wa mifumo ya kompyuta,
Mkomani, Lamu